Nyasi za uani penye kivuli na maji ya shida: mwongozo kamili

Uani kwetu, hapa Dar es Salaam, kuna mwembe mmoja mkubwa na ukuta wa mita mbili na nusu upande wa kaskazini. Tulipohamia nilitaka nyasi, watoto wapate pa kuchezea bila kuingiza vumbi ndani. Nikamwuliza muuza miche ni nyasi gani zinazovumilia ukame. Akanijibu bila kusita: "Ukoka, kaka. Huo haufi." Nilipanda mwezi wa tatu, masika ikanisaidia, na kufika mwezi wa sita uani kote kulikuwa kijani. Mwezi wa tisa, pale palipokuwa jua palibaki kijani vilevile, lakini chini ya mwembe na kandokando ya ukuta pakabaki vumbi na vijiti vya manjano. Mwaka uliofuata nikarudia, safari hii nikamwagilia maji mara mbili ya yale ya kwanza. Nyasi zikafa mapema zaidi.

Muuza miche hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni kivuli.

Nyasi huvumilia ukame kwa mizizi yake, na mizizi hulishwa na jani. Jani likipata jua hutengeneza chakula, ziada ikashuka chini kurefusha mizizi, nayo ikafuata unyevu kwenye kina. Ukiinyima nyasi jua, kile kidogo inachotengeneza inakitumia kurefusha jani kuutafuta mwanga, na mizizi hubaki mifupi juujuu. Kwa hiyo nyasi ileile inayostahimili miezi mitatu bila mvua uwanjani, chini ya mti haimalizi hata wiki tatu. Ongeza na mti wenyewe: matawi yanazuia manyunyu yasifike chini, na mizizi yake inafyonza maji hayohayo unayomwagilia. Kivuli cha mti ni pakavu kuliko jua la wazi pembeni yake, ingawa mguu ukikanyaga panahisi baridi.

Basi mpangilio wa kuchagua ni huu: kwanza jua, halafu maji, halafu udongo, na mwisho ndiyo jina la nyasi.

Neno moja kabla ya kuanza. Wengi wetu huita nyasi zozote za bustani ukoka. Humu nalitumia neno hilo kwa nyasi moja tu, Cynodon dactylon, ile yenye jani jembamba inayotambaa hata kando ya barabara na kwenye viwanja vya mpira.

Hatua ya kwanza: pima jua la uani kwako

Usikadirie kwa macho. Chukua karatasi, chora uwanja wako, weka nyumba, ukuta na miti mahali pake, kisha ugawe uwanja kwa miraba ya mita mbili kwa mbili. Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kila saa ikigonga toka nje uandike ndani ya kila mraba: J kwa jua kamili, K kwa kivuli, M kwa madoa ya jua yanayopenya katikati ya majani. Jioni hesabu. Kila J ni saa moja, kila M ni nusu saa. Kazi hii inachukua dakika tano kila saa, na itakuokolea pesa za misimu miwili.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: jua letu huhama. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita na nusu mchana limeinamia kaskazini kiasi cha digrii thelathini kutoka utosini. Ukuta wa mita 2.5 ulio upande wa kaskazini wa uwanja hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu wakati huo, na asubuhi na jioni kinazidi. Desemba jua limeinamia kusini, na ukanda uleule unapata jua vizuri. Upande wa kusini mambo hugeuka, ila kivuli chake ni kifupi, kama robo tatu ya mita mchana wa Desemba. Nairobi, ambayo iko karibu kabisa na Ikweta, kuta zote mbili zinahesabika karibu sawa: ukuta wa urefu huo hutupa kivuli cha mita moja na kitu Juni kwa wa kaskazini, na kama mita moja Desemba kwa wa kusini.

Maana yake kwa sisi wa pwani ni nzito. Ukuta wa kaskazini unaweka kivuli kirefu kabisa katika miezi ileile ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, mvua zikiwa zimekatika. Nyasi hapo zinapata mapigo mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo pima mara mbili, Juni na Desemba. Kama huwezi kungoja, pima sasa, kisha simama pale ukanda ulipo uangalie ukuta na matawi yako upande gani, ujue msimu mwingine utaongeza au utapunguza.

Ukikosa muda kabisa, kuna kipimo cha mkono. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe chini, nyosha kiganja sentimita thelathini juu yake. Kivuli chenye kingo kali ni jua. Kivuli chenye kingo zilizofifia ni kivuli chepesi, nyasi za kivuli zitaweza. Kama kivuli cha kiganja hakionekani, usipande nyasi hapo.

Kwa matokeo ya karatasi, mimi naenda hivi. Saa sita za jua au zaidi: panda chochote, hata ukoka. Saa nne mpaka sita: kuna nyasi mbili za kuaminika. Saa tatu mpaka nne: nyasi chache mno, na utunzaji lazima ubadilike. Chini ya saa tatu: achana na nyasi, na chini huko nitaeleza uweke nini.

Kabla ya kukubali ulichopima, jaribu kukiongeza. Mwembe ukipunguziwa matawi ya chini mpaka mita tatu kutoka ardhini, jua la asubuhi na la jioni huingia kwa mlalo na kuongeza hata saa moja na nusu. Pogoa maembe yakishaisha, mwezi wa kwanza au wa pili, usizidishe robo ya majani kwa mara moja, na uwe umemaliza kabla ya kupanda nyasi kwenye masika. Ukuta nao upake chokaa. Ukuta mweupe unarudisha mwanga kwenye ukanda ulio mkabala nao, na tofauti inaonekana kwenye nyasi.

Hatua ya pili: hesabu maji, na ujue ni maji gani

Nyasi za hapa, wakati wa kiangazi, zikitakiwa zibaki kijani kabisa zinahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 40 basi unataka lita 1,000 kila wiki, tangi zima la elfu moja. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni wiki 17, yaani lita 17,000. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya maji ya mtaani kwako kabla hujachimba shimo la kwanza. Kama haikubaliki, una njia mbili: punguza eneo la nyasi, au chagua nyasi zinazokubali nusu ya maji hayo, zikapauka kidogo, kisha zikarudi mvua ya vuli ikianza. Mimi nimefanya yote mawili.

Kwa wa Dodoma na mikoa ya kati hesabu ni kali zaidi, kwa sababu kule msimu wa mvua ni mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na baada ya hapo ni miezi saba mikavu. Usipande zaidi ya eneo ambalo maji ya kuogea na kufulia yanaweza kusaidia.

Halafu chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar vina maji ya chumvi, na kiangazi chumvi huongezeka. Ukiona unga mweupe juu ya udongo uliokauka baada ya kumwagilia, au ncha za majani ya mimea yako zinaungua rangi ya kahawia, hesabu kwamba una chumvi. Nyasi kadhaa zinazosifiwa kwa kivuli haziwezi maji hayo.

Hatua ya tatu: udongo na mizizi ya mti

Chimba shimo la sentimita thelathini, lijaze maji, liache linyonye, kisha lijaze tena uangalie saa. Maji yakiisha ndani ya dakika chache, una kichanga: hakishiki unyevu, na unahitaji samadi iliyooza vizuri au mboji, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na sentimita kumi na tano za juu. Yakikaa zaidi ya saa nne, una mfinyanzi au udongo ulioshindiliwa na mafundi wakati wa kujenga. Huo utiboe kwa uma wa bustani, nao utie samadi.

Chini ya mti sheria ni tofauti. Usilime kwa jembe. Mizizi myembamba ya mti inayonyonya maji iko juujuu, na ukiikata unaudhuru mti bila kuzisaidia nyasi, kwa sababu itarudi mwaka huohuo. Parua juu tu, mwaga mboji sentimita mbili au tatu, basi. Usirundike udongo kuzunguka shina. Acha duara la mita moja kutoka shinani bila nyasi kabisa, lifunike kwa majani makavu ya mti wenyewe.

Ndago na sangari, yale magugu sugu, vishughulikie sasa, si baadaye. Mwagilia uwanja mtupu, subiri wiki mbili vichipue, ving'oe pamoja na vile vikokwa vya ndago vilivyo chini, rudia mara mbili zaidi. Nyasi za kivuli hukua polepole, haziwezi kushindana na ndago iliyotangulia.

Hatua ya nne: nyasi zenyewe

Nitaanza na zile usizopaswa kupanda kivulini, kwa sababu ndizo utakazouziwa kwanza.

Ukoka ni bingwa wa ukame, mizizi yake inashuka chini sana na shina lake la ardhini hubaki hai hata majani yote yakikauka. Lakini ni mtoto wa jua. Chini ya saa sita za jua unarefuka, unakonda, unaacha mapengo, na mapengo hayo yanajaa ndago. Paspalum vaginatum, ambayo imeenea sana kwenye bustani za pwani ya Kenya na Tanzania, inanywa maji ya chumvi kuliko nyasi nyingine yoyote ya bustani, na ukame inaustahimili vizuri ikishazoea. Kivuli haikiwezi. Kikuyu, Cenchrus clandestinus, ni nyasi yetu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, imepewa jina la Wakikuyu wa Kenya na imesambaa mpaka Australia na California. Limuru inapendeza. Pwani joto linaichosha, na popote pale chini ya mti hukonda.

Kuna kosa lingine linaloingia kupitia simu. Ukitafuta ushauri wa nyasi za kivuli na ukame mtandaoni, kurasa nyingi za Marekani na Ulaya zitakuambia upande festuka. Kwa ndugu zetu wanaoishi kwenye majimbo ya katikati ya Marekani ushauri huo ni sahihi kabisa. Hapa pwani festuka ni nyasi ya baridi iliyotupwa kwenye joto la Februari. Itaota, itapendeza wiki sita, itakufa. Ukiona pakiti ya mbegu imeandikwa "kivuli" na imetoka nchi za baridi, iache dukani.

Sasa zinazofaa.

Chaguo langu la kwanza kwa pwani ni nyasi za Pemba, Stenotaphrum dimidiatum. Asili yake ni pwani za Bahari ya Hindi, zetu zikiwemo, kwa hiyo upepo wa chumvi na mchanga si mambo mageni kwake. Jani lake ni pana, nene, shina linatambaa juu ya ardhi na kuota mizizi kwenye kila kifundo. Kwa saa nne za jua inafunika vizuri; kwa saa tatu na nusu bado inaishi, ila nyembamba. Ukame inaustahimili kwa wastani: haiwezi kukaa miezi mitatu mikavu kama ukoka, lakini ukiimwagilia kwa kina kila siku kumi mpaka kumi na nne inavuka kiangazi. Chumvi inaivumilia. Udhaifu wake ni kukanyagwa sana. Kama wanao wanacheza mpira kila jioni, pale golini patakuwa upara. Ina dada yake, Stenotaphrum secundatum, iliyosambaa duniani na inayouzwa pia huku, inatumika vilevile.

Ya pili ni Zoysia matrella. Jani jembamba, gumu kidogo mguuni, zulia lililoshikana hata ndago inapata taabu kupenya. Ukame inaustahimili kuliko nyasi za Pemba, chumvi pia inaiweza, na kukanyagwa inakubali. Inataka jua zaidi kidogo, saa nne na nusu hadi tano. Bei yake ni subira. Ukipanda kwa vipande vilivyoachana, mwaka mzima unaweza kupita kabla uwanja haujafunga, na kivulini zaidi ya hapo. Kwa uwanja mdogo wa mita kumi au kumi na tano, kama mfuko unaruhusu, nunua zulia lililokatwa tayari. Kwa mtu mwenye ukuta tu bila mti, nampa Zoysia kabla ya Pemba.

Ya tatu ni Dactyloctenium australe, nyasi ya pwani ya Msumbiji na Afrika Kusini. Wenzetu wa Afrika Kusini huipanda chini ya miti kiasi kwamba imekuwa nyasi yao ya kivuli. Ni laini, kijani cha kung'aa, na inakwenda mpaka saa tatu za jua. Ukame inauweza kiasi kwenye kichanga. Haipendi kukanyagwa wala udongo unaotuamisha maji. Huku kwetu kuipata ni kuulizia bustani moja baada ya nyingine, lakini kama uani kwako ni kivuli kitupu cha miti na hapapitwi sana, inastahili usumbufu huo.

Kuna moja ya kujihadhari nayo: Axonopus compressus. Inapenda kivuli kweli, inafunika haraka, na ni rahisi. Shida ni maji. Mizizi yake ni mifupi, na kiangazi cha kwanza bila maji ya kutosha kinaimaliza. Kwa Bukoba, kwenye mvua nyingi, ningeipanda kesho. Kwa Dar es Salaam ya maji ya mgao, hapana.

Hatua ya tano: hakikisha unachouziwa ndicho

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu Axonopus na nyasi za Pemba zinafanana machoni. Zote zina jani pana lenye ncha butu, zote zina shina bapa linalotambaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa moja kwa jina la nyingine, na sikugundua mpaka kiangazi kiliponionyesha.

Tazama vitu viwili. Kwanza kifundo cha shina: kwa Axonopus kina vinyweleo, unaviona ukikisogeza kwenye mwanga, kwa nyasi za Pemba ni kitupu. Pili suke. Axonopus hutoa ua jembamba lililoachana kama vidole viwili au vitatu. Nyasi za Pemba hutoa suke moja nene, lenye nyama, na punje zimezama ndani yake kama zimechongewa. Mwombe muuzaji akuonyeshe sehemu ambayo haijakatwa muda mrefu ili masuke yaonekane. Zoysia suke lake ni moja, jembamba kama kijiti cha kiberiti. Ukoka una vidole vitatu mpaka sita vinavyotoka mahali pamoja.

Nenda na jina la kisayansi limeandikwa kwenye karatasi, na uulize nyasi hizo zililelewa wapi. Zilizokua juani kitaluni zikihamishiwa kivulini ghafla hupoteza majani mengi mwezi wa kwanza. Kama fundi anazo zilizokaa chini ya wavu wa kivuli au chini ya mti, chukua hizo, hata kama hazipendezi.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kumaliza pesa

Nunua kidogo cha kila aina unayoifikiria. Panda vipande vya nusu mita kwa nusu mita palepale kwenye kivuli chako kibaya kabisa, si pale pazuri. Vimwagilie vizuri wiki nne, kisha acha maji siku kumi na nne bila mvua. Halafu soma majani. Jani likijikunja kwa urefu, likawa na rangi ya kijivu-buluu, na nyayo zako zikabaki zimelala baada ya kupita, hiyo ni kiu. Likiwa limerefuka, jembamba, jepesi, limesimama wima na pingili za shina zimeachana kuliko zilivyokuwa, hiyo ni njaa ya jua. Kiu utaitibu. Njaa ya jua, kwa nyasi hiyo mahali hapo, huwezi kuitibu. Usimwongezee maji mgonjwa wa jua. Kivulini maji ya ziada huleta kuvu, na ndicho kilichoziua nyasi zangu mwaka wa pili.

Hatua ya saba: kupanda

Pwani panda katikati ya mwezi wa tatu, mvua za masika zikishaanza kulowesha udongo. Mvua za vuli, Oktoba na Novemba, zinafaa pia, ila Januari na Februari zinafuata na jua kali kabla mizizi haijashuka. Dodoma ni Desemba, bila kuchelewa.

Nyasi hizi tatu hazipandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipandikizi. Kata mashina yenye vifundo vitatu au vinne. Piga mifereji ya kina cha sentimita nne, laza kipandikizi, fukia vifundo viwili uache ncha nje, kanyaga kwa mguu ili udongo ugusane na shina. Mahali pa jua ningeacha sentimita 20 kati ya kipandikizi na kipandikizi, yaani 25 kwa mita ya mraba. Kivulini shuka mpaka sentimita 15, ambavyo ni kama 44 kwa mita. Uwanja wa mita 40 unafika 1,760. Ni vingi, najua. Lakini kivulini nyasi hutambaa polepole, na pengo lisilofungwa kabla ya kiangazi ni mlango wa ndago. Usiviache vipandikizi juani hata nusu saa. Vifunike kwa gunia bichi wakati unapanda.

Wiki mbili za kwanza udongo usikauke juu: maji kidogo asubuhi kila siku isiponyesha. Wiki ya tatu na ya nne, siku moja ndiyo, moja hapana.

Hatua ya nane: zoesha nyasi kiu

Ukiendelea kumwagilia kidogo kila jioni, kama wengi tufanyavyo tukirudi kazini, mizizi itabaki juu kungoja mpira wa maji. Kuanzia mwezi wa pili mwagilia mara moja kwa wiki lakini kwa kina. Weka makopo matatu matupu ya dagaa au nyanya hapa na pale, mwagilia mpaka yawe na maji ya sentimita mbili na nusu, angalia umetumia muda gani, na muda huo ndio wako. Mwezi wa nne sogeza mpaka siku kumi, kisha ngoja nyasi zenyewe zikuambie kwa kujikunja. Chini ya mti ongeza kidogo, kwa kuwa mti nao unachukua fungu lake. Mwagilia alfajiri. Kivulini maji ya jioni hulala juu ya majani usiku kucha, na kuvu hupenda hivyo hasa.

Kukata nyasi ndiko kunakoua nyasi nyingi za kivuli kuliko ukame. Jani ndilo jiko lao, na ukilikata chini umezima moto wenyewe. Nyasi za Pemba ziache sentimita sita hadi nane, Dactyloctenium tano hadi saba, Zoysia kama tano. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukimwita fundi wa fyekeo au mashine, simama naye mwanzoni umwonyeshe kipimo kwa kidole, kwa sababu mkono wake umezoea kunyoa mpaka udongo uonekane. Kiangazi kikikaza, usikate kabisa.

Mbolea, punguza. Kivulini naitrojeni nyingi hurefusha jani laini lisilo na mizizi. Gramu kumi za CAN, mbolea ya naitrojeni ya chengachenga, kwa mita ya mraba, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, zinatosha. Kwa mita 40 ni gramu 400 kila mara. Majani ya mwembe yanayoanguka yafagie kila siku mbili tatu, maana jani moja likilala wiki nzima linaacha doa lake chini.

Penye jua chini ya saa tatu

Shina la mwembe linapokaribia, au ule uchochoro kati ya nyumba na ukuta, usipigane napo. Panda Ophiopogon japonicus au Chlorophytum, mimea mifupi yenye majani kama ya nyasi, kama unataka kijani. Zote si nyasi za kukanyaga, lakini kivuli kikavu zinakiweza zikishashika. Kwenye kona kavu zaidi weka Sansevieria, ule mmea wa majani magumu yaliyosimama wima kama mapanga. Penye kupitwa weka vigae vya mawe vilivyoachana na changarawe katikati.

Au fanya walivyofanya bibi zetu. Chini ya mwembe hawakupanda kitu. Palifagiwa kila asubuhi, mchanga ukapigwa mistari na fagio, jioni pakatandikwa jamvi. Uani kwangu sasa nyasi za Pemba zinaishia mita tatu kutoka shinani, Zoysia inashika ukanda wa ukuta, na duara la chini ya mti limebaki mchanga mtupu. Watoto wanapenda kukaa hapo kuliko kwenye nyasi.

Karatasi yako ya miraba ihifadhi. Mwembe unakua, na jirani anaweza kuinua ghorofa. Kila baada ya miaka miwili rudia kupima mwezi Juni. Mraba uliokuwa na saa nne ukishuka mpaka tatu, usipandikize tena nyasi zilezile hapo. Pogoa tawi linalohusika kabla ya masika, na kama tawi ni la jirani au kivuli ni cha ghorofa, sogeza mpaka wa mchanga wako mbele mita moja.